Miche ya mikarafuu na jua la kaskazi

Mhariri,

Miche ya mikarafuu iliyopandwa masika hapa Pemba ikifa kaskazi, wengi husingizia mbegu. Tatizo ni mizizi: bado iko juu juu, na udongo ukikauka majani hupoteza maji mengi kuliko inayovuta. Ncha za majani hugeuka kahawia, kisha mche wote. Mwagieni jioni, polepole, lita 5 kwa mche mara 2 kwa wiki. Kikombe cha kila siku hulowesha vumbi tu. Simamisheni kuti upande wa magharibi, jua la alasiri ndilo kali. Tandazeni majani makavu unene wa vidole vinne, ila yakae shibiri moja mbali na shina, la sivyo mchwa watashukuru. Mbolea ingoje mvua.

Mkulima, Wete