Mama, msiukate kwanza mti wa Babu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta nyote salama. Mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Dada akikusomea hapo atacheka, maana ndivyo tulivyofundishwa shuleni kuanza kila barua, na tulikuwa tunayaandika maneno hayo bila kuyafikiria. Nitayarudia huko mbele, kwa kuwa mwaka huu ndio nimejua upeo wa macho ni kitu gani.

Kwanza la fedha. Za ukuta mnaotaka kujenga uani, ule ambao Kaka anasema mti wa Babu ukatwe kuupisha, nimetuma nusu, nusu nyingine itakuja mwisho wa mwezi ujao. Kaka ameniandikia ujumbe mrefu kwamba fedha hizo nimezimalizia kwenye masomo ya kuchora, nami sikumjibu, kwa sababu ningemjibu kwa hasira, na yeye ni mkubwa wangu. Wewe nakujibu. Ni kweli nimejiandikisha kujifunza kuchora, jioni mbili kila wiki. Ni kweli nalipa ada. Si kweli kwamba ada hiyo ndiyo iliyokula fedha za ukuta. Ada naitoa kwenye nauli yangu. Kazini naenda kwa miguu, na miguu haijambo. Lakini lile alilomwambia Shangazi, kwamba nimefika ughaibuni nikaanza kukaa na watu walio uchi, limenichoma, Mama. Limenichoma zaidi kwa kuwa halikuanza kwangu, lilizunguka kwa watu wote ndipo likanifikia.

Nikueleze ilivyo, halafu uamue mwenyewe kama kuna aibu.

Tunakaa watu kumi na wawili kulizunguka jukwaa dogo la mbao, kila mmoja na ubao wake na kipande chake cha mkaa wa kuchorea. Mzee mmoja, ambaye hiyo ndiyo kazi inayompa riziki, anapanda pale na kusimama. Siku nyingine amevaa, siku nyingine hakuvaa. Mwalimu anashika saa. Sekunde 30, mzee anabadilisha mkao. Dakika 1, anabadilisha tena. Baadaye dakika 5, na mwisho mkao mmoja wa dakika 20. Katika sekunde 30 huna nafasi ya kutazama uchi wa mtu. Unatafuta jambo moja tu: uzito wa mwili umekaa wapi. Mtu akisimama kwa mguu mmoja, nyonga ya upande huo inapanda na bega la upande huohuo linashuka, na uti wa mgongo unapinda katikati ili vipatane. Ukiukosa mpindo huo, hata ukichora mpaka kucha, mtu wako ataanguka. Siku nilipolielewa hilo nilikuona wewe, umesimama mlangoni mkono kiunoni, unatungoja turudi kabla giza halijaingia. Miaka yote ile nimekuona umesimama hivyo, na sikuwahi kujua kwamba bega lako la kushoto lilikuwa limeshuka.

Tunapima kwa penseli. Unanyoosha mkono bila kukunja kiwiko, unafumba jicho moja, unashika urefu wa kichwa chake kati ya ncha ya penseli na kidole gumba, kisha unahesabu vichwa toka utosini hadi nyayoni. Mtu mzima ni vichwa saba na nusu hivi. Mtoto wa mwaka mmoja ni vichwa vinne, au karibu na hapo. Ndiyo maana watoto niliokuwa nawachora zamani, wale uliowabandika ukutani, walionekana wazee wafupi. Na macho yako katikati ya kichwa, Mama. Mwambie Dada akupime mbele ya kioo: toka utosini hadi machoni ni sawa na toka machoni hadi kidevuni. Sote tunayachora juu mno, kwa kuwa tukimtazama mtu tunatazama uso, utosi tunausahau.

Sasa habari njema, na hii nataka isomwe kwa sauti Kaka akiwapo. Mwisho wa muhula mwalimu alichagua michoro ya kutundika, na wangu ukachaguliwa. Haukuwekwa kule koridoni. Umetundikwa mkabala na mlango mkubwa, kila anayeingia unampokea. Ni yule mzee ameketi, ameinama, anafunga kamba za kiatu. Mwalimu wetu ni mama wa makamo asiyesifu mtu ovyo. Wengi wanamaliza muhula hawajasikia neno jema kutoka kwake. Alisimama mbele ya karatasi yangu, akarudi nyuma hatua mbili, akasema, "Huyu ana uzito." Basi. Akaenda kwa mwingine. Neno hilo nimetembea nalo wiki nzima.

Na mchoro huo umezaliwa na yai. Kabla ya kuchora mtu tuliwekewa yai jeupe juu ya kitambaa cheupe, taa moja upande wa kushoto, wiki tatu. Wiki tatu, Mama! Siku ya kwanza nilichora mviringo, nikaupaka kivuli upande wa kulia, nikaweka penseli chini nikidhani nimemaliza. Mwalimu akaniambia nitazame tena. Nikatazama, na lilikuwa jambo la ajabu. Sehemu iliyoielekea taa ni nyeupe ya karatasi yenyewe, usiiguse. Kisha weusi unaingia taratibu. Lakini pale penye giza kuliko kote kwenye yai si ukingoni. Ni utepe unaopita ndani kidogo, na ukifika ukingoni kabisa yai linaanza kung'aa tena, hafifu. Nilifikiri macho yananidanganya. Kumbe mwanga unaanguka kwenye kitambaa, unarudi, unalilamba yai kwa chini. Halafu kuna kivuli cha yai juu ya kitambaa: cheusi kabisa pale linapogusa, na kadiri kinavyokwenda mbali kinalainika na kupauka. Nimekaa ughaibuni miaka tisa nikifanya kazi mpaka usiku, na sidhani kama kuna kitu nilichokitazama kwa makini kama lile yai.

Baada ya yai likaja birika. Mdomo wa birika ni duara, lakini ukiutazama kwa pembeni unakuwa duaradufu, na kitako chake, kwa kuwa kiko chini zaidi ya macho yako, kinafunguka zaidi kuliko mdomo. Kila mwanafunzi mpya anachora kitako kwa mstari ulionyooka kwa sababu anajua meza imenyooka. Hapo birika linaelea. Nimeharibu karatasi nyingi kwa birika hilo, lakini sasa linakaa.

Mwambie Bibi na hili, atalifurahia yeye mtu wa vyungu. Kile tunachokiita risasi ndani ya penseli si risasi. Ni grafiti, madini meusi laini, iliyosagwa ikachanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa motoni, kazi aliyoianzisha Mfaransa mmoja, Nicolas-Jacques Conté, mwaka 1795. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na mstari wake hafifu; hizo zina herufi H. Grafiti ikizidi, inakuwa laini na nyeusi. Hizo ni B. HB iko katikati. Yai nililichora kwa 2H na 4B.

Kaka pia amesema kwamba mtu wa miaka 41 hajifunzi kuchora. Mwambie kwamba Vincent van Gogh, yule Mholanzi mashuhuri kwa picha zake, alikata shauri kuwa mchoraji mwaka 1880, akiwa na miaka 27, na alianza kwa kunakili michoro ya wengine kama mwanafunzi yeyote. Aliyemtumia fedha miaka yote hiyo ni ndugu yake wa damu, Theo, tena mdogo wake. Mimi sijaomba ndugu yangu anitumie kitu. Fedha natuma mimi. Naomba tu asinisengenye.

Nilisema nitarudi kwenye upeo. Mwezi uliopita tulipelekwa mlimani kuchora mandhari. Jambo la kwanza tuliloambiwa ni kupiga mstari wa upeo wa macho, na mstari huo uko kwenye kimo cha macho yako mwenyewe. Nikaketi, ukashuka nami. Nikasimama, ukapanda nami. Barabara iliyokwenda mbali, kingo zake mbili zilikutana juu ya mstari huo. Mabonde ya mbali yalikuwa yamepauka, yakielekea buluu, kwa sababu hewa yote iliyo kati yetu ilikuwa imesimama mbele yake. Leonardo da Vinci, mchoraji wa zamani wa Italia, alichora bonde la mto Arno wa kwao kwa wino, akaandika tarehe juu ya karatasi: 5 Agosti 1473. Alikuwa na miaka 21. Tangu nilipolijua hilo, kila mchoro wangu una tarehe.

Pale mlimani ndipo yaliponipata. Wenzangu walikuwa wanachora bonde, mimi nikageuza karatasi nikaanza kuchora uani kwetu. Nilikuwa na hakika naujua. Nimezaliwa pale, nimecheza pale, Baba tulimlilia pale. Nikapiga ukuta wa nyumba, nikaweka dirisha la chumba chako, nikaja kwenye mti wa Babu. Mkono ukasimama. Shina nalijua. Lile tawi kubwa tulilokuwa tunalikalia, sijui linaanzia wapi. Sijui linainama kuelekea nyumbani au kuelekea kwa jirani. Sijui asubuhi kivuli chake kinafika mlangoni au kinaishia njiani. Nililia, Mama, na sikumwambia mtu sababu.

Kwa hiyo nakuomba. Najua Kaka anasema mti lazima uondoke kwa kuwa ukuta unapita pale. Ukuta unaweza kupinda. Kama kupinda kunaongeza gharama, ziada hiyo ni yangu, niandikieni ni kiasi gani nami nitaileta pamoja na ile nusu. Na kama mtaona haiwezekani kabisa, basi msubiri nije mwakani, nikae nao siku moja tu. Simkatalii Kaka mamlaka yake. Baba hayupo, yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Lakini mti huo Babu aliupanda kwa ajili yetu sote, nami nimo.

Ndani ya bahasha nimeweka ule mchoro wa uani. Utaona katikati pako wazi. Ndipo pale nisipopajua. Nimeweka pia penseli ya 2B na karatasi tatu kwa ajili ya mtoto wa Dada. Aketi mahali pamoja asihame, jua likiwa bado upande mmoja. Asianze na majani, majani yatamchosha. Hata matawi asianze nayo. Achore vipande vya anga vinavyoonekana kati ya tawi na tawi, kila kipande kwa umbo lake, kana kwamba ndivyo alivyotumwa kuchora. Akivimaliza atakuta matawi yamejitokeza yenyewe. Aandike tarehe chini.

Na wewe, kabla ya kuikunja barua hii, toka nje kidogo uniangalizie. Lile tawi linaanzia juu ya dirisha lako, au chini yake?

Mwanao akupendaye