Rangi za marubani hazitusaidii sisi wa Tukuyu

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, ila ile habari yenu ya viwango vya tahadhari ya volkano imenikera kweli mimi ninayeishi hapa Tukuyu, jirani na volkano ya mlima Rungwe. Ile mliyochora mlima na rangi nne, kijani, njano, chungwa, nyekundu, halafu pembeni ya kijani mkaandika eti wananchi waendelee na shughuli zao hakuna hatari. Hivi nani kawaambia? Rangi zile pamoja na yale maelezo ya wingu la majivu limefika kimo gani angani ni za marubani. Zilianzia Alaska kipindi cha mlima Redoubt, ule ambao Desemba 1989 majivu yake yalizima injini zote nne za ndege ya abiria, ikashuka chini sana ndo zikawaka tena. Rubani akiambiwa chungwa anajua azungukie wapi. Mama wa Kiwira mwenye watoto na ng'ombe wa maziwa akiambiwa chungwa afanye nini?

Na hiyo ya kwamba kiwango cha chini maana yake uko salama msiirudie tena jamani. Mlima Ontake kule Japani, tarehe 27 Septemba 2014, ulikuwa kiwango cha 1 kati ya 5, yaani cha chini kabisa, ilikuwa Jumamosi watu wamejaa juu kileleni, ukalipuka karibu saa sita mchana, waliokufa na wasioonekana ni 63. Kisiwa cha volkano cha Whakaari New Zealand, Desemba 2019, kilikuwa kiwango cha 2, watalii walikuwa kisiwani wanatembezwa kabisa, wakafa 22. Kiwango kinasema vyombo vimeona nini mpaka leo, na ule mlipuko wa maji yaliyochemka chini ya ardhi unaweza kuja bila kukupa hata saa moja. Vijana wetu wanashusha wageni Ziwa Ngozi kila wiki na lile ziwa limekaa ndani ya shimo la volkano, wanasoma gazeti lenu, wameona kijani hakuna hatari.

Sasa niwaambie lililotupata sisi. Kuna usiku ardhi ilitikisika hapa Tukuyu, si sana, vikombe viligongana kabatini na mbwa wakaanza kubweka, basi. Haukupita muda ikaingia voisi kwenye grupu la kikoba, sauti ya mwanaume hatumjui, anasema Rungwe umefika nyekundu kimbieni. Watu wakakimbia. Jirani yangu akapakia kirikuu, magodoro, watoto, ndoo ya mchele, na mama yake mzazi anayetembea kwa mkongojo wakamkalisha juu ya magunia ya viazi na turubai kichwani maana mvua inanyesha na baridi ya huku mnaijua, wakashika barabara ya Uyole. Mhariri chukua ramani uangalie mwenyewe, ukitoka Tukuyu kwenda Uyole unapita Kiwira unakuja Isongole, Rungwe uko kulia kwako na Ngozi uko kushoto, yaani kama mlima ungekuwa unalipuka kweli wale watu walikuwa wanapita miguuni kwake, tena usiku, tena na bibi wa watu juu ya viazi! Nilimpigia kiongozi wetu wa mtaa kuuliza, na yeye akaniuliza mimi nimesikia nini. Asubuhi ng'ombe wanalia hawajakamuliwa, watu wanarudi mmoja mmoja wamelowa, yule bibi kifua kikamshika mpaka akalazwa, na hakuna aliyekuja kusema ilikuwa tetemeko tu au ni nini. Hadi leo hakuna.

Simu hizo hizo za kutuletea uzushi ndo hizo kampuni za simu zinatutumia meseji za kubeti na bando saa saba usiku, zinawafikia watu wote wilaya nzima kwa mara moja. Kumbe kutuma inawezekana. Usiku ule hata meseji ya kusema tulieni majumbani hatukuipata.

Na kuna gesi. Huku Busokelo kaboni dayoksaidi inatoka ardhini yenyewe mpaka inavunwa kiwandani, ni nzito kuliko hewa, inalala mabondeni. Ziwa Nyos kule Kameruni mwaka 1986 liliua watu kama 1,700 kwa gesi hiyo hiyo usiku mmoja, bila lava. Kwenye mchoro wenu hamna neno.

Wafilipino mwaka 1991 pale kwenye volkano ya Pinatubo kila walipopandisha hatari waliwaambia watu na umbali, kilomita 10 tokeni, baadaye 20, 30, mpaka 40, na maelfu kwa maelfu wakapona. Hicho ndo ninachotaka kwetu. Kila kiwango kiandikwe na kijiji chake, watu wa Isongole elekeeni Uyole, watu wa Tukuyu shukeni Kyela, msipite Kiwira, au vyovyote wataalamu watakavyoona, ila iandikwe. Ibandikwe shuleni, kanisani na kwa mtendaji. Ile ringi ya gari inayogongwa kama kengele shule ya msingi ipewe mlio wake wa kukimbia, na watoto wafundishwe.

Mkiandika tena wapigieni watu wa jiolojia Dodoma, muwaulize kati ya milima yetu ya volkano, Rungwe, Ngozi na Kiejo, ni upi una vyombo vinavyosomwa kila siku, na usiku wa manane vikionyesha kitu nani anampigia mwenyekiti wa kijiji. Mkipata jibu liwekeni ukurasa wa kwanza pamoja na namba ya simu.

Msomaji wenu,
Tukuyu, Rungwe