Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Wadodosaji na Wahudumu wa Afya ya Jamii, Moshi

Ndugu wanachama, wazee wetu, na wageni mliotoka ofisi za kata,

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu, hamjambo. Nawashukuru mliotoka Kiboriloni na Msaranga mkafika kabla yetu sisi tunaolala hapa mjini, kama kawaida yenu.

Mwaka jana niliwasomea kurasa kumi na moja, miayo ikapigwa hadi meza kuu. Safari hii nitakaa zaidi juu ya jambo moja. Hayo ya ada na fulana nitayapitia mbiombio, na hesabu atazisoma mhazini mwenyewe.

Jambo lenyewe ni mrejesho, yaani kuwarudishia waliohojiwa matokeo ya utafiti. Kazi yetu ni kubisha hodi. Tunaingia kwa mtu na kishkwambi na fomu ya ridhaa, tunamuuliza mama maswali ambayo hata dada yake wa tumbo moja hajawahi kumuuliza. Amewahi kukupiga kofi? Amewahi kukukaba? Ilikuwa kabla ya mimba, au mimba ikiwepo? Anajibu. Wengine wanafuta machozi kwa pindo la khanga na kuendelea kujibu. Sisi tunasema asante, tunamwachia mche wa sabuni, tunakwenda nyumba ya pili. Majibu yanapanda chuoni, yanavuka bahari, yanachapishwa. Mama wa Njoro haambiwi kitu.

Mfano ni wa hapa hapa. Mwaka 2014 na 2015 watafiti wa KCMC, hospitali yetu kubwa ya rufaa hapa Moshi, na wenzao wa Denmark waliandikisha wajawazito kwenye vituo vya afya vya Majengo na Pasua, wakawafuatilia hadi walipojifungua. Walikuwa zaidi ya 1,100. Karibu theluthi moja walikuwa wamefanyiwa ukatili na wenza wao katika mimba ile ile. Waliopigwa walikuwa na uwezekano wa takriban mara tatu ya wenzao wa kujifungua mtoto njiti, yaani kabla ya wakati, au mtoto asiyefika kilo 2.5. Na huo haukuwa wa kwanza: mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanawake zaidi ya 1,400 wa Moshi Mjini walikuwa wameshahojiwa kuhusu mambo hayo hayo ya ndani.

Mwezi wa tano nilialikwa kwenye VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, cha kina mama wa Pasua. Sikwenda kuhoji, nilikwenda kula wali tu. Baada ya hisa kununuliwa na sanduku kufungwa nikawauliza kama kuna aliyewahi kusikia matokeo ya ule utafiti wa kliniki. Wakatazamana. Mmoja, anayeuza ndizi mbivu Mbuyuni, alikuwa amejifungua miaka ile ile na anakumbuka vizuri kwamba aliitwa pembeni na dada mwenye daftari. "Mimi nilijua wanataka kujua kama nakula mboga," akasema. Nikawaeleza kilichopatikana, polepole, kama nilivyowaeleza ninyi sasa hivi. Nilipofika kwenye njiti, yule mama akaanza kuhesabu kwenye vidole, midomo ikicheza bila sauti. Hakutuambia anahesabu nini, na hakuna aliyemuuliza. Kisha akainua uso: "Kumbe ni sisi? Na baba zao mtawaambia lini?"

Sikuwa na jibu, na ndiyo maana mwaka huu kamati yenu haikupata usingizi.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili nchi nzima walikaa kwenye vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadili, wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Mzee wetu mmoja aliyeko hapa ukumbini anasema redio ya kikundi chao ilikuwa haishiki mpaka mtoto asimame kando yake akiwa ameshika waya. Walijifunza hivyo hivyo. Sasa kila mfuko una simu, na bado matokeo ya Pasua hayajafika Pasua. Msiniambie tatizo ni teknolojia.

Niingie kwenye kazi yenyewe ya uwandani, maana huko ndiko tulikojifunza zaidi.

Kuhoji mtu kuhusu ukatili si sawa na kuhesabu vyandarua. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2001, na wakongwe wenu mnaujua kwa moyo: nyumba moja, mwanamke mmoja tu, faragha kamili, wengine wa nyumba hiyo wasijue hasa utafiti unahusu nini, na mhojaji awe amefundishwa hata cha kufanya mlango ukifunguka ghafla. Mwanachama wetu mmoja alikutana na mlango huo mwezi wa nane. Alikuwa katikati ya swali zito, mama mkwe akaingia na ungo wa mchele, akaketi kwenye kigoda kuuchambua, huyo hana haraka. Binti yetu hakusita. "Na chanjo ya surua mlimpatia akiwa na miezi mingapi?" Mhojiwa naye akadaka, akajibu miezi tisa. Wakazungumza chanjo, wakazungumza uji wa lishe, wakafika hadi bei ya dagaa. Mama mkwe akachangia kwa bidii kuhusu uji. Mchele ukaisha, akaondoka, swali likaendelea pale lilipokatikia. Nimetaka jambo hili liingie kwenye kumbukumbu za chama kwa sababu hakuna posho inayolipia akili ya namna ile.

Sasa aibu yetu. Kila mradi wa namna hii hutupa karatasi ya rufaa, ile tunayomwachia mama ili ajue aende wapi. Mwezi wa tatu mwanachama alikaa na mama aliyekuwa na jeraha bichi juu ya jicho. Mama akakubali kupiga simu pale pale. Namba ya kwanza kwenye karatasi: haipatikani. Ya pili ikapokelewa na kijana wa duka la vipuri, ambaye kwa kweli alikuwa mpole. Karatasi hiyo tulikuwa tumeigawa kwa miezi. Mradi uliotupatia karatasi hiyo sitautaja, kwa sababu kosa la kutoijaribu lilikuwa letu pia.

Tulichofanya: wanachama wanne walizunguka wiki nzima kwa miguu na bodaboda, mahali kwa mahali. Waliingia dawati la jinsia na watoto la polisi, waliingia hospitalini, walionana na maafisa ustawi wa jamii. Ofisi moja ilikuwa imehama. Nyingine inafungwa mapema kuliko ilivyoandikwa. Waliuliza hasa juu ya PF3, fomu ya polisi ambayo majeruhi wengi wanaogopa kuifuata kituoni: inatolewa wapi, usiku inatolewa na nani, mtu akianzia hospitalini inakuwaje. Waliandika majibu waliyopewa, si waliyodhani. Namba 116 ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto tuliipiga wenyewe kabla ya kuichapa.

Karatasi mpya inakunjwa ikaingia ndani ya kadi ya kliniki. Huduma za ukatili zimechanganywa humo na za maji, chanjo na bima, ili baba akiiokota asione kitu cha kumpandisha hasira. Itahakikiwa upya kila miezi mitatu. Atakayekwenda uwandani na karatasi ya zamani atarudishwa, hata akiwa mwenyekiti.

Kuhusu pombe, maana najua kuna mtu atanyoosha mkono. KCMC wana kazi yao wanayoiita Punguza Pombe Kwa Afya Yako, ya kuzungumza kwa muda mfupi na majeruhi aliyeletwa idara ya dharura, pale pale angali anakumbuka alivyoanguka. Naipenda kwa sababu haimhubirii mtu. Ila tusijidanganye. Viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilipigwa marufuku Machi 2017 na makofi hayakuisha. Wapo wanywa mbege watulivu kama kondoo, na wapo wasioonja hata togwa wenye mikono miepesi. Pombe inachochea moto. Kuni ziliwekwa na mtu mwingine.

Wanachama wengi wameniuliza: sawa, tunahesabu majeraha kila mwaka, kuna mahali popote utafiti umeonyesha njia ya kuyazuia? Kipo cha kushika. Mwanza, watafiti wa kitengo cha majaribio cha huko pamoja na chuo cha London walichukua vikundi vya wanawake wa mikopo midogo, nusu wakawapa vipindi kumi vya mazungumzo kuhusu mahusiano, nusu wakasubiri. Matokeo yalichapishwa 2018: miongoni mwa waliohudhuria, ukatili wa kupigwa ulikuwa pungufu kuliko kwa waliosubiri. Kwa ukatili wa kingono tofauti haikuwa wazi, na lazima tuseme hivyo. Uganda nako, wilaya ya Luwero, shule 42 zilihusika kwenye jaribio la kubadili namna walimu wanavyoadhibu, na watoto walioripoti kupigwa na walimu wakapungua sana. Maoni yangu ni kwamba njia ya Mwanza ndiyo inayotufaa kuanzia. VICOBA tunazo kila mtaa. Kina mama wameshakaa, wanaaminiana kwa pesa, na mtu aliyekuamini kwa pesa hatashindwa kukuamini kwa maneno.

Mmesikia pia takwimu za kitaifa. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015-16 ulikuta wanawake 40 kati ya 100 wamewahi kupigwa tangu walipofika miaka 15. Ule wa 2022 ukakuta 27. Nilifurahi, kisha nikakumbuka mama mkwe na ungo wake. Namba inategemea pia nani alikuwa amekaa chumbani wakati wa swali. Nataka kuamini kwamba imeshuka. Kwa wavulana nako tusijisahau: utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionyesha karibu wasichana watatu kati ya kumi walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na wavulana takriban mmoja kati ya saba. Huyo mmoja hatuna hata mwanachama mwanaume wa kutosha wa kumhoji. Vijana wa kiume, fomu za kujiunga ziko kwa katibu.

Mengineyo kwa haraka. Mradi mmoja ulichelewesha posho hadi watu wakakopa nauli kwa Mangi. Tuliandika barua tatu, ya tatu ikajibiwa. Kishkwambi kimoja kilisahaulika kwenye daladala ya Rau na kikarudi siku ya pili na chaji imeisha. Taarifa za watu zilikuwa zimefungwa kwa namba ya siri, lakini mwenye kukisahau anajua tulivyozungumza. Fulana zimechuja. Tumempoteza mwenzetu mmoja mwaka huu, na familia yake imeomba tusitaje jina hapa; tutasimama kimya kabla ya chai.

Azimio mtakalopigia kura mchana huu ni fupi. Mradi wowote unaotaka wanachama wetu, uwe wa chuo cha hapa au cha nje, utuonyeshe kibali cha maadili kama siku zote, na pia utuonyeshe kwenye bajeti yake fedha za kurudisha matokeo mtaani, kwa Kiswahili, kwa watu wale wale waliohojiwa, ndani ya muda ulioandikwa. Bila mstari huo hatutoi watu. Najua wapo wanaohofia kazi zitahamia kwa wengine. Huenda baadhi zikahama. Kamati imejadili hilo vikao vitatu na hatukuwa wa kauli moja. Wajumbe wawili wanapinga na watapewa nafasi ya kusema kabla ya kura.

Mkutano wa kwanza wa mrejesho tumeuombea ofisi ya kata Pasua, Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nane mchana, wakati ambao wanaume wengi wametoka vibaruani. Mwenyekiti wa mtaa ameahidi kuwaita yeye mwenyewe, mlango kwa mlango. Tunahitaji wanachama sita wa kusaidia, wawili wawe wanaume. Majina yaandikwe kwa katibu kabla ya chai.