Njiti asiyelia huenda hajatulia

Mhariri,

Katika wodi za watoto wachanga mahututi kuna sifa inayotolewa haraka mno: "Huyu hasumbui, halii." Kwa njiti aliyezaliwa mimba ikiwa na wiki 28, sifa hiyo inaweza kumponza. Kulia kunataka nguvu ambazo hana, na aliyewekewa mpira wa kupumulia kooni hasikiki hata akilia. Lake hulisema kwa vidole, kwa uso na kwa rangi ya ngozi.

Vidole vikichanuka ghafla, mkono ukinyooka mbele kama wa kuzuia, mgongo ukipinda kwa nyuma, macho yakikwepa, anasema basi. Kwikwi, chafya na miayo ya mfululizo vimo humo humo, ingawa wengi huviona vya kuchekesha. Mashine ikipiga kelele kwamba oksijeni imeshuka, mara nyingi mtoto alikwisha kusema. Kinachotutisha zaidi sisi wauguzi ni ukimya wa kulegea: mikono imeanguka pembeni, rangi imepauka, hapingi chochote. Huyo ameishiwa, na huenda sukari imeshuka au maambukizi yameanza. Achunguzwe papo hapo.

Mikono yetu nayo inasema, na mara nyingi inasema vibaya. Kidirisha cha inkubeta, sanduku la joto analolazwa, kinafungwa kwa kishindo, chupa ya dawa inatuliwa juu yake, spiriti ya mikono haijakauka na tayari tunamgusa. Mtazame kwanza nusu dakika. Mwite kwa sauti ya chini, kisha tuliza kiganja kimoja kichwani na kingine kikusanye miguu kuelekea tumboni. Kiganja kisichezecheze, kwani kumpapasa kwa ncha za vidole humchokoza. Nepi abadilishiwe akiwa amelala ubavu, bila kuinuliwa miguu juu. Kabla ya kumchoma kisigino, kama anaruhusiwa kupewa kitu mdomoni, apewe matone machache ya maziwa ya mama ulimini na kusubiriwa dakika 2. Mtu wa pili, ikiwezekana mama yake, amshike hivyo hivyo wakati wa kuchoma. Kazi ikiisha tusichomoe mikono mara moja. Tungoje vidole vifumbe, mkono urudi mdomoni, paji la uso likunjuke.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kwamba kangaruu, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ikianza mara tu baada ya kuzaliwa, vifo ndani ya siku 28 hupungua kwa robo hivi. Mama anayembeba mwanawe kifuani saa nyingi huziona alama hizi kabla yetu. Basi afundishwe kuzitaja, na aulizwe kila zamu.

Ombi letu kwa wakuu wa wodi ni dogo. Fomu tunazojaza zina joto, mapigo, upumuaji na mkojo. Ziongezwe mstari mmoja: mikono na uso vilikuwaje kabla ya kumgusa, na vilikuwaje baada ya dakika 5.

Wauguzi wa watoto njiti,
Dar es Salaam