Nimeshinda Usiku Mmoja: Je, Nilipe Kiingilio cha Mashindano ya Poka Nairobi?

Mhariri mpendwa,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Mimi ni karani wa ghala la nafaka hapa Nakuru, nina umri wa miaka 39, nina mke na watoto watatu, na ninaandika kwa sababu kabla mwezi huu wa Aprili haujaisha ni lazima niamue jambo ambalo limezua mabishano makubwa nyumbani kwangu. Katikati ya Mei kutakuwa na mashindano ya poka Nairobi, na kiingilio chake ni shilingi 60,000. Rafiki zangu wanne wamejitolea kuchanga shilingi 10,000 kila mmoja, nami niongeze 20,000, halafu chochote nitakachoshinda tukigawane kwa kadiri ya mchango wa kila mtu. Mke wangu anasema nisiende. Kaka yangu mkubwa anasema nisiende na wala nisikanyage tena mlango wa kasino. Mimi mwenyewe sijui, na ninaomba mniruhusu nieleze kwa urefu kwa nini sijui, maana wanaonishauri huku hunijibu kabla sijamaliza kusema.

Nilianza Februari mwaka jana, nilipoalikwa na mfanyabiashara mmoja aliyekuwa amemaliza kutuuzia mahindi yake ya Njoro. Kasino yenyewe iko mjini, ina leseni, na sijawahi kuona hila yoyote mezani. Nisieleweke kana kwamba ninalalamikia wizi. Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika kila kinachoingia na kinachotoka, niliandika huko pia. Nina daftari la kurasa 96 ambamo kila usiku nilioingia mle una tarehe, saa, kiasi nilichoenda nacho na kiasi nilichorudi nacho, na hadi mwisho wa Machi ilikuwa imetimia miezi 14.

Nianze na blakijaki, ule mchezo wa kutafuta jumla ya 21 bila kuizidi. Nimeucheza mara 40, kila mara kwa muda wa saa mbili hivi, dau langu likiwa shilingi 200. Kwa saa mbili mtu hugawiwa mikono, yaani raundi za karata, kama 120, kwa hiyo nimecheza takribani mikono 4,800, na fedha zilizopita juu ya kile kitambaa cha kijani kwa jumla ni karibu shilingi 960,000. Nilipopiga hesabu hiyo mara ya kwanza nilikaa kimya kwa muda, kwa sababu katika maisha yangu sijawahi kushika fedha kama hizo kwa pamoja. Nilichopoteza katika hizo ni shilingi 21,350, yaani zaidi kidogo ya shilingi 2 katika kila 100.

Wengi hudhani kasino hushinda kwa sababu mgawaji, yule mfanyakazi wao anayegawa karata na kucheza dhidi yetu, ana bahati. Sivyo. Mchezaji hutangulia kuchukua karata, na akizidi 21 dau lake huondolewa papo hapo, hata kama mgawaji naye atazidi baadaye. Faida yao imejengwa juu ya utaratibu huo mdogo. Chukueni mkono ninaouchukia kuliko yote: nina kingi na sita, jumla 16, na mgawaji ameonyesha kumi. Nikiongeza karata, aina 8 kati ya 13 zitanipitisha 21; nikitulia, mgawaji mara nyingi atanipita. Wajuzi wanasema niongeze, na huwa naongeza, si kwa sababu nitashinda bali kwa sababu hasara yake ni ndogo kidogo kuliko ile ya kutulia. Anayefuata kanuni hizo bila kukosea, kwenye meza yenye masharti mazuri, hupoteza kama nusu shilingi tu katika kila 100.

Basi kwa nini mimi nimepoteza zaidi ya mara nne ya hiyo? Jibu nilikuwa nikiliangalia kila siku, limeandikwa kwenye kitambaa cha meza, nami silisomi. Meza ya dau dogo ninayokaa mimi humlipa aliyepata 21 kwa karata mbili za kwanza shilingi 6 kwa kila 5, wakati meza ya dau la shilingi 500 hulipa 3 kwa kila 2. Kwa dau langu la 200, hiyo ni shilingi 240 badala ya 300. Mkono wa namna hiyo huja kama mara moja katika mikono 21, kwa hiyo nimeupata zaidi ya mara 200, na kila nilipoupata nilishangilia huku nikikatwa shilingi 60. Zaidi ya shilingi 12,000 zimeondoka kwa njia hiyo. Mimi ambaye humrudisha mkulima na lori lake mahindi yakizidi unyevu wa asilimia 13.5, sikusoma masharti yaliyokuwa mbele ya macho yangu kwa mwaka mzima. Jambo hilo linaniuma kuliko fedha zenyewe.

Wapo watakaoniambia nihesabu karata, kwa kuwa mwanahisabati wa Marekani, Edward Thorp, alionyesha mwaka 1962 kwamba inawezekana kuishinda kasino kwa njia hiyo. Ni kweli, lakini mezani kwetu mashine huchanganya karata bila kupumzika, na zilizochezwa hurudishwa humo mara moja, hivyo hakuna kinachobaki cha kuhesabu.

Sasa poka, ambayo ndiyo kiini cha barua hii. Poka ni tofauti kwa sababu huchezi na kasino, unacheza na watu wenzako, na anayecheza vizuri kuliko wenzake hupata faida hatimaye. Kila Alhamisi kuna mashindano madogo ya Texas Hold'em, poka ambayo kila mtu hupewa karata mbili za siri na nyingine tano hufunguliwa mezani kwa wote, yenye kiingilio cha shilingi 2,500. Kati ya hizo, 2,000 huingia kwenye tuzo na 500 ni za kasino. Ina maana kwamba ni lazima niwazidi wenzangu kwa robo nzima ndipo nirudishe tu nilichotoa. Nimecheza Alhamisi 25, na mara 9 nilitolewa mapema nikalipa shilingi 2,000 nyingine ili nirudi mezani. Kisha Desemba kukawa na mashindano makubwa kidogo, ya shilingi 5,000. Viingilio vyote pamoja ni shilingi 85,500. Nimelipwa mara nne: nilikuwa wa nne mara mbili, shilingi 6,000 na 7,000, wa tatu mara moja, shilingi 9,500, na hiyo Desemba, tukiwa wachezaji 52, niliibuka wa kwanza nikapewa shilingi 83,200. Faida yangu katika poka ni shilingi 20,200. Rafiki zangu wameiona tarakimu hiyo na wameshaniita bingwa.

Lakini mimi nilikuwepo usiku ule, na ninajua ulivyokwenda. Tulikuwa tumebaki watu watatu. Niliangalia karata zangu nikaona tisa mbili, nikasukuma chipu zangu zote, vile vidude tunavyochezea badala ya fedha, katikati. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, ambaye usiku kucha alikuwa amecheza kwa subira kuliko sisi sote, alinifuata bila kusita, akafunua kingi mbili. Nafasi yangu wakati huo ilikuwa pungufu kidogo ya moja kati ya tano. Mgawaji akafungua mbili, saba na jeki, kisha nne. Nikasimama, nikavuta koti langu kwenye kiti. Zilibaki karata 44 ambazo hatujaziona, na ni mbili tu kati yake zingeniokoa. Ikaja tisa ya shupaza. Yule mzee aliitazama karata ile kwa muda, akavua kofia, akanipa mkono, akasema, "Hongera, kijana wangu," akaondoka. Hakuna ustadi wowote nilioutumia hapo. Kama ingekuja nyingine yoyote kati ya zile 42, ningetoka na tuzo ya mtu wa tatu, daftari langu lingeonyesha hasara, na hakuna rafiki ambaye angenichangia hata shilingi mia.

Hapo ndipo penye shida yangu ya kweli. Kwa kawaida pale kwetu huwa tuko kama watu 28, na wanaolipwa ni wanne. Mtu asiye hodari wala mzembe, akicheza mara 26, angetarajia kulipwa karibu mara nne. Nami nimelipwa mara nne kamili. Ghalani, lori likiingia na magunia 300, huwa sichomi bambo, kile chuma cha kutolea sampuli ya nafaka, kwenye gunia moja nikalipitisha lori zima. Huchoma magunia mengi, ya juu, ya kati na ya chini, maana najua mkulima anaweza kuwa amepanga mazuri mlangoni. Mashindano 26 ni magunia machache mno, na lile gunia la Desemba limenijaza macho. Ninapenda kuamini kwamba ninacheza vizuri, na katika miezi ya karibuni nimejifunza kuweka karata mbovu chini na kuwasoma wenzangu, lakini siwezi kuthibitisha hilo kwa tarakimu nilizo nazo.

Kuna jambo lingine ambalo daftari limenionyesha na ambalo sikulitarajia. Kati ya zile mara 40 nilizocheza blakijaki, 22 zilikuwa Alhamisi, baada ya kutolewa katika poka. Mtu anatolewa saa tatu usiku, ana hasira, rafiki aliyekuja naye bado anacheza, na meza ya blakijaki iko hatua kumi kutoka pale. Ukijumlisha faida ya poka na hasara ya blakijaki, nimepoteza shilingi 1,150, na hapo sijahesabu matatu ya kunirudisha Lanet wala chakula. Kwa kasino, mashindano ya Alhamisi huenda ni njia tu ya kutuingiza ndani. Sasa wametangaza pia mashindano ya blakijaki, ambayo mshindi ni yule atakayebaki na chipu nyingi kuliko wenzake wa meza, na nakiri kwamba yanavutia, kwa sababu anayeweka dau la mwisho katika mkono wa mwisho hujua wengine wana nini na anaweza kupanga. Ila najua nikitolewa huko nitakaa wapi.

Rafiki zangu hunikumbusha habari za Chris Moneymaker, mhasibu wa Marekani ambaye mwaka 2003 alipata nafasi kupitia mchezo wa mtandaoni wenye kiingilio cha dola 86, akaenda Las Vegas kwenye mashindano makuu ya World Series of Poker na kuwashinda wote, akachukua dola milioni 2.5. Ni kweli alishinda. Wachezaji walikuwa 839, na sisi tunamjua huyo mmoja.

Kuhusu Nairobi, ada ya waandalizi ni shilingi 6,000 katika zile 60,000, hivyo makato ni madogo kuliko ya Alhamisi zetu, lakini watakaokaa mezani ni watu wanaoishi kwa mchezo huu. Shilingi 20,000 zangu ni sehemu ya karo ya binti yetu ya muhula wa pili. Mke wangu ameniambia kwa upole, bila kupandisha sauti, kwamba tukizikosa atauza cherehani yake, na kwamba hatanilaumu. Afadhali angefoka. Na kati ya wale wanne wanaonichangia, mmoja ni kijana wetu wa kubeba magunia, mwenye miaka 24, ambaye nimekuja kugundua kwamba shilingi 10,000 zake atazikopa kwa simu. Nilipomuuliza atalipaje tukishindwa, alinijibu, "Karani, wewe huwezi kushindwa."

Ninaomba ushauri kwa wale waliocheza mashindano haya kwa miaka mingi, si kwa miezi kama mimi. Mtu hujuaje kwamba faida yake imetokana na ujuzi, na ni baada ya mashindano mangapi? Je, ni haki kupokea fedha za rafiki kwa jambo ambalo mwenyewe huwezi kulithibitisha, hata kama wamezitoa kwa hiari na mmeandikiana? Nikikataa za huyu kijana peke yake, nitamwambia nini asione nimemdharau? Na kuna yeyote aliyeweza kubaki na poka ya mara moja kwa mwezi huku akiiacha kabisa ile meza nyingine, au ni lazima mtu aache vyote kwa pamoja kama anavyosema kaka yangu?

Usajili unafungwa tarehe 28. Kila asubuhi, tunapofungua ghala na kuanza kupanga magunia, yule kijana huniuliza kama nimeshajiandikisha, nami humwambia bado nasubiri jibu. Jibu lenyewe ninalisubiri kwenu.

Wenu,
Karani wa ghala,
Nakuru.