Kwa mdogo wangu mwenye disleksia, unapoanza kazi ya ofisini

Mdogo wangu,

Hongera kwa kazi. Najua kinachokunyima usingizi ni makaratasi. Disleksia si uvivu wala upungufu wa akili. Ubongo unachelewa kuunganisha herufi na sauti zake. Kiswahili huificha, maana kinaandikwa kama kinavyotamkwa: unasoma sawasawa, ila polepole. Kiingereza ndicho kinachoianika. Ndiyo maana bosi anaweza kukuona hodari kikaoni, kisha akakuona mzembe kwenye barua pepe.

Anza na namba, kwa sababu huko kosa moja linagharimu. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20, nazo zimegawanywa 8-5-5-2; nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ukiiandika kwa mkupuo utapotea kwenye sifuri zinazofuatana, uruke moja au uongeze. Andika fungu moja, litamke kwa sauti, linganisha, ndipo uende linalofuata. Ukihakiki, anza na fungu la mwisho urudi la kwanza. Ukifuata mpangilio uleule, jicho linaona linachokitarajia. Na namba iliyokuja kwa meseji usiiandike upya kamwe. Nakili, bandika.

Barua ziandike kwa mdomo. Fungua Google Docs kwenye Chrome, bonyeza Ctrl+Shift+S, chagua Kiswahili, bonyeza maikrofoni, uongee sentensi fupi fupi. Nukta ziweke baadaye, na majina ya watu uyakague moja moja, maana hapo ndipo programu inapokosea sana. Ukimaliza, usiamini macho. Hifadhi kama PDF, ifungue kwenye kivinjari cha Edge, bonyeza Ctrl+Shift+U ikusomee kwa sauti, vaa hedifoni usikilize. Neno lililojirudia macho huliruka, sikio hulinasa. Hakikisha tu sauti uliyochagua ni ya Kiswahili, la sivyo itakusomea vitu visivyoeleweka.

Maandishi ya kusoma yaweke Arial au Verdana, ukubwa wa 12 hadi 14, nafasi ya mistari 1.5. Hela ya miwani ya rangi inayosemwa kusaidia wenye disleksia iache mfukoni. Ushahidi wake ni hafifu.

Kwa bosi, usiseme "nina shida ya kusoma" ukaishia hapo, hatajua afanye nini. Omba vitu vinavyotekelezeka: nyaraka za kikao siku moja kabla, maelekezo marefu kwa sauti ya WhatsApp, mtu wa pili wa kuhakiki namba za malipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, lakini naamini ombi lililo wazi litakufikisha mbali kuliko kifungu.

Ukipangiwa kuandika muhtasari wa kikao, omba ruhusa ya kurekodi. Nenda na jedwali la safu tatu: nani, afanye nini, lini. Jaza hizo tu watu wakiongea. Mengine utayajaza baadaye ukiisikiliza rekodi.