Taarifa ya mwenyekiti kwa wenye nyumba za ufukweni Diani

Ndugu wanachama, hamjambo nyote, mlio hapa Diani na mlio Nairobi na ng'ambo. Hesabu za pesa mhazini atawasomea mwenyewe, walinzi wamelipwa na taka zinabebwa, hapo sina mengi. Nataka niongee ujenzi maana ndio umeshughulisha komiti mwaka mzima.

Watu wanajenga na wanajenga vizuri, kila mtu na arkitekti wake, na mimi nafurahi nikipita nikiona baraza pana, dari ya juu, madirisha yanayotazamana ili upepo uingie huku utokee kule, iwe kusi iwe kaskazi, nyumba kama hiyo huna haja ya kuwasha eisi usiku kucha.

Lakini upande wa bahari tuna shida. Kuna ploti zimesimamisha ukuta wa zege mbele kabisa mpaka bamvua, yale maji yanayojaa kupita kawaida, likija maji yanaugonga. Sasa wimbi likigonga ukuta halina pa kumalizia nguvu zake, linarudi na kuchota mchanga wa pale chini, halafu pale ukuta unapoishia ndipo linakula ploti ya jirani, jirani naye akiona hivyo anajenga wake, yule wa tatu hivyo hivyo, na bichi iliyotuleta sote hapa inabaki miamba mitupu. Mchanga wa ufukweni hausimami mahali pamoja, msimu mmoja unaondoka mwingine unarudi, unataka nafasi. Mwambieni arkitekti arudishe nyumba nyuma na yale majani yanayotambaa juu ya mchanga yaachwe, msiyang'oe ili paonekane pasafi, yale ndio yanashika mchanga.

Halafu Katiba ya 2010 kifungu cha 62 kinasema wazi, ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Wavuvi na kina mama wa pweza wamepita pale kabla hatujanunua hizi ploti. Asizuiwe mtu, walinzi tumeshawaambia na tutazidi kuwaambia.

Taa za kuelekea bahari nawaomba sana mzizime au mzielekeze chini. Kasa wadogo wakitoka kwenye mayai wanafuata penye mwanga, wakiona taa zako wanakuja bustanini badala ya kwenda baharini, na huku wanakufa. Miti mikubwa pia, kabla ya kukata muulize arkitekti kama nyumba inaweza kuizunguka, mbega wanapita humo, wakikosa matawi wanapita kwenye nyaya za stima na zinawaua.

Mafundi wasitumie mchanga wa bahari kwenye zege hata ukiwa bei rahisi, chumvi inakula vyuma, vikishika kutu vinavimba na slabu inapasuka. Na visima tuvute maji kwa kiasi, tukizidisha bahari inaingia chini kwa chini na maji yanageuka chumvi kwa wote.

Ombi la komiti ni moja, michoro ije kwetu kabla haijapelekwa kaunti na NEMA, ile mamlaka ya mazingira. Hatuna nguvu ya kumkatalia mtu kibali, tunataka tu majirani wa kulia na kushoto waione mapema wakati kurekebisha bado ni kazi ya penseli. Hoja ya kuta iko kwenye ajenda, mwenye ukuta tayari aje pia, tunataka kuzungumza naye namna ya kuupunguza.